Pumzi ya polepole ina nafasi yake kliniki, lakini haiondoi dawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nichangie mjadala unaoendelea kuhusu mazoezi ya kupumua ya yoga, ambayo kwa asili yake huitwa pranayama. Nimekuwa nikisoma na kusikia maoni ya kila namna: wapo wanaodai kwamba mazoezi haya yanaponya presha, pumu, kisukari na hata saratani, wapo wanaoyakataa kwa hoja kwamba ni ibada ya kigeni isiyomfaa Mwislamu wala Mkristo, na wapo wanaoyapuuza kwa kuyaona ni anasa ya watu wenye mikeka ya bei ghali na muda wa kuchezea. Mimi ni muuguzi mstaafu niliyetumikia kwa miaka mingi katika kliniki ya shinikizo la damu na kisukari, na nimewafundisha wagonjwa kadhaa sehemu ya mazoezi haya. Ninachotaka kusema ni kwamba upumuaji wa polepole, ambao ni sehemu moja tu ya pranayama, una manufaa ya kweli yaliyopimwa kwa moyo na kwa akili, na unastahili kufundishwa bila malipo katika kliniki zetu. Lakini manufaa hayo ni ya kiasi, hayampi mgonjwa ruhusa ya kuacha dawa, na hayapatikani kwa kila zoezi linalobeba jina hilo.

Katika maandiko ya Kisanskriti yanayohusishwa na Patanjali, mwanazuoni wa kale wa India, yenye umri wa zaidi ya miaka 1,500, pranayama ni hatua ya nne kati ya hatua nane za yoga, ikitanguliwa na maadili, nidhamu ya nafsi na mikao ya mwili. Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha karne ya 15, kinaeleza mbinu kadhaa za kuitawala pumzi, na papo hapo kinatoa onyo ambalo walimu wengi wa siku hizi hulisahau: kwamba pumzi hufugwa kidogo kidogo kama wanavyofugwa simba, tembo na chui milia, na anayeharakisha huangamizwa na kile anachojaribu kukifuga. Kazi ya kuyapima mazoezi haya kwa vyombo vya maabara ilishika kasi karne moja iliyopita, pale mwalimu wa yoga wa India, Swami Kuvalayananda, alipofungua kituo cha Kaivalyadhama mwaka 1924 huko Lonavala, mji ulio kati ya Mumbai na Pune, akaanzisha na jarida la kuchapisha matokeo ya majaribio yake. Tangu hapo utafiti umetoka mikononi mwa wafuasi wa yoga peke yao na kuingia katika hospitali na vyuo vikuu vya nchi nyingi. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa nao uliitangaza tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, ingawa azimio la wanadiplomasia si ushahidi wa kitabibu, na kwa sababu hiyo napenda zaidi kueleza kinachotokea ndani ya mwili.

Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Msomaji akiweka vidole viwili juu ya mshipa wa kifundo cha mkono wake na kupumua taratibu, huenda akagundua kwamba mapigo yanakwenda upesi kidogo anapovuta hewa ndani na kupungua kasi anapoitoa. Jambo hilo ni la kawaida, tena ni dalili ya afya, na hutokana kwa sehemu kubwa na neva ya vagasi, ambayo hushuka kutoka kwenye shina la ubongo hadi kifuani na tumboni na ambayo kazi yake mojawapo ni kuushika moyo breki. Wakati wa kuvuta hewa breki hiyo hulegea. Wakati wa kuitoa hukaza. Kwa hiyo mtu anayerefusha pumzi ya kutoka anaurefushia moyo wake muda wa kutulia, na akiendelea hivyo kwa dakika chache, mwili mzima hupata habari kwamba hakuna hatari iliyo karibu.

Kuna jambo la pili, na kwangu mimi hili ndilo kiini cha suala zima. Katika mishipa mikubwa ya shingo na katika mshipa mkuu unaotoka moyoni kuna vihisi vinavyopima shinikizo la damu wakati wote. Shinikizo likipanda, vihisi hivyo huuarifu ubongo, nao huupunguza moyo kasi na kuilegeza mishipa. Likishuka, hufanya kinyume chake. Mzunguko huo wa kusahihishana huchukua takriban sekunde kumi. Mtu anapopunguza pumzi zake hadi kufikia sita kwa dakika, yaani pumzi moja kwa kila sekunde kumi, mdundo wa mapafu na mdundo wa shinikizo la damu hukutana, na uwezo wa mwili kujirekebisha huongezeka. Kwa wagonjwa wengi wa presha uwezo huo umefifia, hivyo si ajabu kwamba watafiti waliowafundisha wagonjwa hao kupumua mara sita kwa dakika waliona vihisi vikifanya kazi vizuri zaidi na shinikizo likishuka.

Mwaka 2001 timu ya Luciano Bernardi wa Chuo Kikuu cha Pavia nchini Italia ilichapisha katika British Medical Journal utafiti uliofanywa kwa watu wazima 23 wenye afya njema. Waliombwa kusali Rozari kwa Kilatini, na wakati mwingine kukariri mantra ya yoga, yaani maneno ya ibada yanayorudiwarudiwa, huku mapigo ya moyo, pumzi na mtiririko wa damu vikipimwa. Bila ya wao kuelekezwa wapumue namna gani, pumzi zao zilishuka zenyewe hadi takriban sita kwa dakika katika hali zote mbili, na midundo ya moyo na mishipa ikalingana kwa kiwango ambacho hakikuonekana walipokuwa wakizungumza au kupumua ovyo. Maneno yalitofautiana, dini zilitofautiana, lakini kifua kilifanya kazi ileile.

Hapo ndipo ninapowaomba wenzangu wanaopinga kwa sababu za imani watulie kidogo wanisikilize, kwa kuwa hofu yao ina msingi na haistahili dhihaka. Yoga kwa ukamilifu wake imezaliwa ndani ya mapokeo ya kidini ya India, na zipo mantra ambazo ni dua kwa miungu. Mwislamu au Mkristo anayekataa kuzitamka ana haki yake. Lakini viongozi wa dini waliolichunguza jambo hili wametofautisha mambo. Baraza la fatwa la Malaysia lilipotoa katazo lake mwaka 2008, shabaha yake ilikuwa yoga inayochanganya mikao, ibada na ukariri. Maulamaa wa Indonesia mwaka 2009 walikataza yoga yenye ibada za Kihindu ndani yake, wakaruhusu ile iliyobaki kuwa mazoezi ya mwili. Saudi Arabia, nchi ambayo hakuna atakayeituhumu kwa ulegevu katika mambo ya aina hii, iliitambua yoga kuwa shughuli ya michezo mwaka 2017. Kwa upande wa Wakatoliki, barua ya Vatikani ya mwaka 1989 kuhusu sala ya Kikristo ilitahadharisha dhidi ya kuchanganya mbinu za Mashariki na sala, lakini ilisema pia kwamba njia hizo zisikataliwe moja kwa moja kwa sababu tu si za Kikristo. Kuhesabu nne huku unavuta hewa na kuhesabu sita huku unaitoa hakuna jina la mungu yeyote ndani yake. Anayetaka kuhesabu kwa tasbihi au kwa Salamu Maria na ahesabu, na yeyote aliyewahi kukaa katika halaka ya dhikri hapa pwani anajua kwamba wazee wetu hawakuwa wageni wa pumzi inayokwenda kwa mpangilio.

Nirudi kwenye afya, na sasa upande wa akili. Wapo wagonjwa wengi wanaofika katika vituo vya afya, hasa vijana na akina mama, wakilalamika kwamba kifua kinabana, vidole vimekufa ganzi, midomo inawachoma, kichwa kinazunguka na wanahisi wanakufa. Wengine huwa wamekwisha kupitishwa kwa mganga kabla ya kuletwa, kwa sababu familia imeona ni jini au ni mkono wa mtu. Daktari akiwapima moyo na mapafu na kuyakuta ni mazima, mara nyingi chanzo ni hofu kali iliyomfanya mtu apumue haraka kupita mahitaji ya mwili. Anapopumua hivyo haongezi oksijeni yenye maana, kwani damu yake ilikwisha kujaa oksijeni. Anachofanya ni kuitoa hewa ya ukaa kwa wingi mno. Hewa hiyo ikipungua katika damu, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo husinyaa, na hapo hutokea kizunguzungu. Kemia ya damu hubadilika, na hapo hutokea ganzi ya vidole. Mgonjwa akizihisi dalili hizo hutishika zaidi, akitishika hupumua haraka zaidi, na duara hilo hujizungusha lenyewe.

Mtu wa namna hiyo akiambiwa na jamaa zake „vuta pumzi, vuta pumzi kwa nguvu", anaongezewa tatizo. Anachohitaji ni kutoa pumzi, taratibu na kwa muda mrefu, kisha kuiacha hewa iingie yenyewe. Naongeza kwa haraka kwamba ile desturi ya kumfunika mdomo kwa mfuko wa karatasi haishauriwi tena, kwa sababu kama shida yake ni pumu au moyo, mfuko huo unaweza kumuua.

Uhusiano huo wa pumzi na hofu umeanza kuonekana hata ndani ya ubongo wenyewe. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walieleza kwamba katika shina la ubongo la panya, ndani ya kituo kinachoendesha mdundo wa pumzi, lipo kundi dogo la chembe za neva linalopeleka taarifa kwenye eneo linaloamsha ubongo na kuutia tahadhari. Chembe hizo zilipoondolewa, panya waliendelea kupumua lakini wakawa watulivu kuliko kawaida. Sisi si panya, na sitaki mtu alitumie jaribio hilo kuthibitisha kila kitu, linatosha kutuonyesha kwamba wanaosema „ni mawazo tu" hawajui kwamba mawazo nayo yana njia za kupitia mwilini.

Kuhusu sonona, utafiti unaotajwa sana ulifanywa katika taasisi ya taifa ya afya ya akili ya India, NIMHANS, iliyoko Bangalore, ukachapishwa mwaka 2000. Wagonjwa 45 wenye sonona kali waligawanywa katika makundi matatu: kundi la kwanza lilipewa tiba ya mshtuko wa umeme, la pili dawa ya imipramine, na la tatu Sudarshan Kriya, ambayo ni mfululizo wa mazoezi ya kupumua. Baada ya wiki nne, waliopata nafuu kamili walikuwa asilimia 93 katika kundi la umeme, asilimia 73 katika kundi la dawa na asilimia 67 katika kundi la kupumua. Wapenzi wa yoga huyanukuu matokeo haya wakisema kwamba kupumua ni sawa na dawa. Wanasahau kutaja kwamba kila kundi lilikuwa na watu 15 tu, kwamba wote walikuwa wamelazwa wakiwa chini ya uangalizi wa wataalamu, na kwamba tiba inayoogopwa kuliko zote ndiyo iliyoongoza. Mimi nauona utafiti huo kuwa sababu nzuri ya kuendelea kuchunguza na kulitumia zoezi kama msaada. Mgonjwa mwenye mawazo ya kujiua aliyeachwa nyumbani akapumue tu amedhulumiwa.

Kwa watu wasio wagonjwa, wenye msongo wa kawaida wa maisha, ushahidi ni wa kutia moyo zaidi. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Stanford kilitangaza matokeo ya jaribio ambalo washiriki walifanya zoezi moja kwa dakika tano kila siku kwa muda wa mwezi. Wengine walipumua kwa namna tatu tofauti, wengine walikaa katika tafakuri bila kuibadili pumzi. Wasiwasi ulipungua kwa makundi yote, lakini furaha na hisia njema ziliongezeka zaidi kwa waliopumua, hasa wale waliovuta hewa mara mbili kwa pua, pumzi ya pili ikiwa fupi ya kukijaza kifua, kisha wakaitoa polepole kwa mdomo. Ni zoezi linalofanana na kushusha pumzi kwa mtu aliyetua mzigo, na halihitaji mwalimu wala mkeka.

Kuhusu pumu nitasema kwa ufupi. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha matokeo ya majaribio ya tiba, yalikusanya majaribio 15 yenye washiriki 1,048 na kuona kwamba yoga huenda inaleta nafuu ndogo ya dalili na ya ubora wa maisha. Nafuu ndogo si tiba, na mwenye pumu asiyekuwa na inhela yake mfukoni hana kinga hata akijua mazoezi yote ya Lonavala.

Sasa nieleze zoezi la kupumua polepole linavyofundishwa, kwa sababu wengi huliharibu mwanzoni. Mgonjwa mmoja, mama mtu mzima anayeuza mboga sokoni, aliniambia baada ya kujaribu kwa mara ya kwanza: „Mwanangu, mimi kila nikivuta hewa nahisi nazidi kuishiwa." Nilipomtazama nikaona mabega yanapanda hadi karibu na masikio na mishipa ya shingo imesimama, ilhali tumbo amelibana kama anayejiandaa kupigwa picha. Nilimwambia: „Mama, weka mkono wa kulia juu ya kitovu, wa kushoto kifuani. Usivute kitu. Toa hewa kwanza, toa yote polepole kana kwamba unapoza uji. Sasa acha iingie kwa pua, huo mkono wa tumboni ndio unyanyuke, wa kifuani utulie." Ilichukua muda, lakini mkono wa tumboni ukaanza kunyanyuka, na mabega yakashuka yenyewe bila ya mimi kuyataja. Msuli unaofanya kazi hapo ni kiwambo, kile kipande kipana cha nyama kilichotenganisha kifua na tumbo. Kinaposhuka, mapafu hupanuka kwa chini ambako damu ni nyingi, na mtu hupata hewa ya kutosha kwa jitihada ndogo. Hatua ya pili ni kuhesabu: nne za kuvuta, sita za kutoa, zote kwa pua, bila kuibana pumzi katikati. Dakika tano zinatosha kwa anayeanza, kumi kwa aliyezoea. Asiyefika sita aanze na tatu kwa nne. Akihisi kizunguzungu anavuta hewa nyingi mno na anapaswa kupunguza, si kukaza.

Akiisha kuzoea, anaweza kufundishwa mbinu mbili za jadi zilizo za upole. Ya kwanza ni nadi shodhana, ambapo mkono wa kulia hukunjwa kidole cha shahada na cha kati, dole gumba likaziba tundu la pua la kulia na kidole cha pete kikaziba la kushoto: hewa huvutwa kushoto, hutolewa kulia, huvutwa kulia, hutolewa kushoto. Mapokeo husema kwamba zoezi hilo linasafisha njia za nguvu za mwili; mimi naona faida yake iliyo dhahiri kuwa ni kwamba tundu moja la pua halipitishi hewa haraka, hivyo mtu hulazimika kwenda polepole apende asipende, na akili yake hushughulika na vidole ikaacha kuzunguka. Ya pili ni bhramari, ambapo midomo hufungwa na pumzi hutolewa kwa kuvuma kama nyuki. Wanasayansi wa Taasisi ya Karolinska nchini Sweden walionyesha mwaka 2002 kwamba kuvuma huko huongeza mara 15 kiasi cha gesi ya naitriki oksaidi inayotoka puani, gesi ambayo hutengenezwa kwa wingi katika vyumba vya hewa vya mifupa ya uso. Watoto hulipenda sana zoezi hili, na wazee hulicheka kwanza, kisha hulirudia.

Yapo mengine ambayo sitaki kuyaona katika kliniki. Kapalabhati ni kutoa hewa kwa mipigo ya haraka na ya nguvu ya tumbo. Bhastrika ni kuvuta na kutoa kwa nguvu kama mivukuto ya mhunzi. Mazoezi haya huuchangamsha mwili, hayautulizi, na hayafai kwa mjamzito, mwenye presha isiyodhibitiwa, mwenye ugonjwa wa moyo, kifafa au ngiri, aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo karibuni, wala mwenye shinikizo kubwa la macho. Mwaka 2004 jarida la kitabibu la Chest liliripoti kisa cha mwanamke aliyepasukiwa pafu kwa kuifanya kapalabhati kupita kiasi. Kisa kimoja hakitoshi kulipiga zoezi marufuku kwa kijana mwenye afya anayefundishwa na mjuzi, lakini video zinazosambazwa kwenye simu hazimuulizi mtazamaji ana ujauzito wa miezi mingapi.

Lipo pia tatizo la wauzaji wa miujiza, na India yenyewe imelionja. Baba Ramdev, aliyewavutia mamilioni ya watu kwenye pranayama kupitia televisheni, alijikuta mwaka 2024 mbele ya Mahakama ya Juu ya nchi hiyo kwa sababu ya matangazo ya kupotosha ya kampuni ya Patanjali Ayurved kuhusu uwezo wa kutibu magonjwa, na yeye na mshirika wake wakalazimika kuomba radhi hadharani magazetini. Ikiwa nchi iliyozaa elimu hii imeona haja ya kuwadhibiti watangazaji wake, sisi tunaoipokea tuna sababu zaidi ya kuwa macho. Vilevile inafaa kukumbuka kwamba Shirika la Moyo la Marekani lilipopima njia zisizo za dawa za kushusha presha mwaka 2013, upumuaji wa polepole unaoongozwa na kifaa maalumu ulipewa daraja linaloruhusu utumike, ilhali yoga kwa jumla haikupendekezwa kwa ajili hiyo kwa uchache wa ushahidi, na mazoezi kama kutembea kwa kasi yaliwekwa juu ya vyote. Anayepumua vizuri akiwa amekaa kutwa nzima juu ya kiti, na chumvi imejaa sahanini, hajamaliza kazi.

Kwa wanaodai kwamba haya ni mambo ya matajiri, naomba watazame jijini Nairobi, ambako Africa Yoga Project imekuwa ikiwafundisha vijana wa mitaa ya kipato cha chini tangu mwaka 2007, na baadhi yao wamefanya ualimu wa yoga kuwa ajira. Mikeka na nguo za kubana ni biashara iliyokuja baadaye.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2024 watu wazima bilioni 1.4 wenye umri kati ya miaka 30 na 79 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na kwamba karibu nusu yao hawajijui. Wanaojijua katika nchi yetu huja kliniki alfajiri, hukabidhi kadi, hupanga foleni kwenye benchi, na husubiri kwa saa kadhaa wakilalamikia bei ya vitu na kucheleweshwa. Muda huo upo na haugharimu chochote. Muuguzi mmoja aliyefundishwa kwa siku chache anaweza kuongoza benchi zima kwa dakika kumi, akawaambia wazi kwamba dawa zinaendelea kama kawaida, kwamba anayejisikia vizuri asipunguze kidonge bila daktari, na kwamba zoezi hili lirudiwe nyumbani kila jioni. Naiomba Wizara ya Afya ilifikirie jambo hilo katika mafunzo ya wauguzi wa kliniki za magonjwa yasiyoambukiza.

Ila zoezi hilo lisifanywe kabla ya kupima presha. Dakika chache za pumzi ya polepole zinaweza kuishusha presha kwa muda mfupi, na mgonjwa akipimwa mara tu baada ya kulifanya, kadi yake itaandikwa tarakimu nzuri isiyokuwa yake ya siku zote, daktari atapunguza dozi, na huyo mgonjwa atarudi nyumbani na presha ileile. Apumzike kimya dakika tano kama mwongozo wa kawaida unavyotaka, apimwe, aandikiwe. Ndipo aungane na wenzake kwenye benchi.

Wako katika huduma,

Muuguzi mstaafu,
Tanga.